Nilimbuni mchapishaji wa Bruxelles, rafiki yangu akamwamini

Nimekosa. Naanza na neno hilo kabla sijalizunguka, maana mimi ni mtu wa kuzunguka.

Wale watu wa Bunia waliotuma maandishi yao kwa nyumba kubwa ya uchapishaji ya Bruxelles, kule Ubelgiji, wakangoja, wakafunga na kuomba, halafu wakapata barua ya Kifaransa kizuri inayowakataa kwa heshima zote... jamani, Bruxelles ni mimi! Mimi hapa, wa mtaa wa Mudzipela, mwalimu wa darasa la tano, mama wa watoto wanne, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya. Hata Uganda sijafika.

Cheka, nakupa ruhusa. Mimi mwenyewe nacheka ninapoandika haya, mpaka mume wangu amekuja mlangoni kuuliza kama niko mzima. Lakini ndani ya kicheko hiki kuna mtu mmoja niliyemuumiza, na huyo siwezi kumcheka. Ndiyo sababu sitaji jina langu. Majina mengine nayo nimeyageuza, hata lile la nyumba ya uchapishaji, ila nimechagua lingine lenye ujinga uleule.

Huyo mtu nitamwita Dorika. Tunafundisha shule moja. Darasa lake na langu yametenganishwa na ukuta wa mbao tu, kiasi kwamba wanafunzi wangu walijua nyimbo zake kabla ya kujua hesabu zangu. Nimemzidi miaka minane, kwa hiyo ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Sote wawili tulikuwa tunaandika riwaya kwa Kiswahili. Saa ya mapumziko, wenzetu wakinywa chai, sisi tulikuwa tunabadilishana madaftari.

Yangu ilikuwa ya harusi iliyovurugika kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yake ilikuwa ya mwanamke anayerudi Aveba kumtafuta ng'ombe mmoja tu wa baba yake aliyebaki. Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilijua tangu ukurasa wa pili. Nilipofika pale mwanamke anapomtambua ng'ombe kwa mlio wake, nilifunga daftari nikaenda kusimama uani kidogo.

Tulituma siku moja, kwa nyumba moja ya uchapishaji ya kweli, iliyo katika mji mwingine. Miezi mitano kimya. Halafu majibu yetu yote mawili yakaja wiki moja. Mimi waliniambia: tumependa, lakini kuna kazi, ondoa sura ya tatu yote, andika mwisho upya, na kama tukikubaliana, kitabu kinaweza kutoka baada ya mwaka mmoja na nusu. Dorika walimwambia: tumependa sana, rekebisha vitu vichache hivi, kisha ungoje neno la mwisho la kamati yetu.

Dorika aliruka kama mtoto. Mimi nilikasirika! Sura ya tatu? Sura ambayo mama mkwe anaanguka ndani ya sufuria ya lituma, zile ndizi za kuponda? Hao watu hawajui kucheka?

"Yaya, lakini balisema balipenda," Dorika akaniambia. "Siye tungojee tu. Mwaka moja na nusu ni nini? Tembo iko nabeba mimba kupita pale, na hailalamike."

Maneno ya akili kabisa. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimeshatangaza ubatizo.

Kwetu kitabu hakitoki hivihivi tu. Kinabatizwa, kama mtoto. Kinatafutiwa parrain, yaani baba wa ubatizo, mtu wa kuheshimika. Kinafungwa utepe na kuwekwa juu ya kitambaa cheupe, parrain anafungua utepe, anakinyunyizia divai au maji, anatamka jina lake mbele ya watu, kwaya inapasua wimbo, na watu wanakunywa sucré, yaani soda, na kula sambusa. Kitabu kisichobatizwa, kwa macho ya wengi, ni daftari lenye jalada. Na mimi, siku ileile niliyotuma maandishi, bila kungoja jibu la yeyote, nilikwenda kuomba parrain! Tena si mtu wa mchezo. Ni inspekta wa shule mstaafu, mtu anayevaa tai hata akienda kununua mkaa. Kikwembe cha familia, yaani kitenge cha sare, kilishachaguliwa. Wakwe zangu wa Butembo walishasema wanakuja. Mimba haijatimia mwezi, na jina limeshatangazwa kanisani.

Ningengoja mwaka mmoja na nusu? Wangenicheka mpaka Marabo!

Basi nikaamua kujichapishia mwenyewe. Na hapo unisikilize vizuri: hapo bado sikuwa nimekosa. Anayejichapishia hamwibii mtu. Unajua haraka yako, unajua sura yako ya tatu, unabeba mzigo wako. Kosa lilikuja baadaye kidogo, ndani ya sekretaria ya Mbusa.

Mbusa ana mashine mbili za fotokopi, kompyuta moja, na jenereta inayokohoa nyuma ya nyumba. Alipanga riwaya yangu vizuri, akaweka picha ya maua kwenye jalada, kisha akaninyooshea kidole kwenye kioo.

"Madame, hapa chini tunaandika maison d'édition gani?"

"Usiandike kitu."

"Aah! Kitabu bila maison, bila nyumba ya kukichapisha? Inspecteur atauliza."

Nikamwona inspekta akivaa miwani, akigeuza kitabu, akisoma kwa sauti mbele ya wakwe zangu: kimechapwa kwa Mbusa, fotokopi na picha za pasipoti. Haya ikanipanda mpaka masikioni.

"Andika kitu ya Bulaya," nikasema.

"Bulaya gani?"

"Bruxelles. Andika Van der..."

"Van der nani?"

Sikujua! Majina yote ya Wabelgiji niliyosoma shuleni yalinikimbia. Mbusa alikuwa ananingoja, kidole hewani.

"Weka yangu," akasema huku anacheka. "Van der Mbusa."

Tulicheka mpaka mtu aliyekuwa anangoja fotokopi ya diploma akaanza kucheka naye, bila kujua kwa nini. Na Mbusa akaandika kweli: Éditions Vandermbusa, Bruxelles. Chini yake akaweka barua pepe aliyoifungua palepale, maana alisema maison bila email ni duka tu. Neno la siri akanipa mimi.

Siku ya ubatizo wangu! Ningekuwa na maneno ningekueleza. Inspekta alifungua utepe, akakigeuza kitabu, akasoma chini, akatikisa kichwa polepole.

"Vandermbusa," akauambia ukumbi mzima. "Ile ni maison ya zamani. Wakati tulikuwa ma-étudiants, tulisomaka vitabu yake."

Mungu wangu! Nilikaribia kuanguka kwenye keki. Mbusa, aliyekuwa mstari wa nyuma amevaa koti la harusi yake, alijificha ndani ya leso akawa anatikisika mabega, na watu walidhani analia kwa furaha.

Nakala nyingi zilikuwa na kasoro. Ukurasa wa sitini ulikuja kabla ya wa arobaini. Unafikiri kuna aliyelalamika? Mwalimu mmoja wa falsafa alinishika mkono akaniambia kwamba ile namna yangu ya kurudisha wakati nyuma ni style ya Bulaya kabisa. Nikamwambia ndiyo, nimeifanyia kazi sana.

Nilitembea Mudzipela kichwa juu. Motard mmoja wa pikipiki alinipita kwa honi akaita, "Mama Bruxelles!" na jina likanishika. Watu walipouliza ilichukua muda gani, nilijibu bila kupepesa macho: wiki sita. Wiki sita tu! Walipouliza kwa nini vitabu vimechelewa kufika, nilisema vilikwama Kampala, halafu njia ya Mahagi ikawa mbaya. Nani wa Bunia atakataa kwamba njia ni mbaya?

Halafu barua zikaanza kumiminika. Pasta mmoja alituma mahubiri arobaini. Mwanafunzi mmoja alituma mashairi mia na kumi, yote kwa msichana mmoja, na kwa nilivyosoma, msichana mwenyewe hakuwa na habari. Mtu mwingine alituma kitabu cha kufuga sungura, na hicho kidogo nikikubali. Nikawa nawajibu wote kwa Kifaransa cha kuvaa suti, kwamba kamati yetu ya wasomaji imejadiliana kwa kina na kwa masikitiko makubwa... Kamati yenyewe ilikuwa mimi na sufuria ya maharage jikoni.

Nisikufiche, niliona utamu. Aliyekataliwa akipata nafasi ya kukataa, anakataa kwa mikono miwili!

Nilikuwa katika raha hiyo Dorika aliponijia saa ya mapumziko na karatasi mkononi.

"Yaya, nimeamua," akasema. "Weye walikujibu wiki sita. Miye, ile kamati mpaka leo kimya. Mwezi wa tatu sasa. Mama yangu anazeeka. Nataka aone kitabu yangu na macho yake. Naondoa kule, napeleka kwa Vandermbusa."

Karatasi ilikuwa barua yake ya kujitoa kwa wale wa kweli.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache, ningeyamaliza kabla kengele haijalia: Dorika, Vandermbusa ni Mbusa. Angecheka, angenipiga na daftari kichwani, angeichana ile barua, na leo ningekuwa na kichekesho badala ya ungamo.

Nilifanya nini? Nilichukua kalamu nikamsahihishia Kifaransa! Aliacha alama juu ya herufi mahali pawili, nikamwekea. Alikosea neno la salamu mwishoni, nikamrekebishia. Nikamrudishia barua safi ya kujitoa, haina kosa hata moja, ila kosa langu.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Pembe moja ya moyo wangu ilifurahi. Ndiyo, ilifurahi! Kwa sababu kama kitabu chake kingetoka kule, chenye jalada la kweli na kurasa zilizofuatana, watu wangekiweka kando ya changu na kuona. Nilimpenda Dorika, na sikutaka anishinde. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, mimi ni shahidi.

Siku tisa baadaye wale wa kweli walimjibu. Alikuja kunisomea barua mlangoni mwa darasa langu. Walisema kamati ilikuwa imeshakubali, walikuwa wanamwandalia mkataba, kitabu kilikuwa kitoke mwaka huohuo. Wakamtakia heri kwa mchapishaji wake mpya.

"Balichelewa, yaya!" Dorika akacheka. "Bulaya ilibapita!"

Nikacheka naye. Halafu nikarudi ubaoni nikaandika hesabu moja mara tatu, mpaka mtoto mmoja akaniambia, "Madame, hiyo tulishaifanya."

Niliapa kumwambia kesho yake. Kesho yake ilikuwa mazoezi ya kwaya. Keshokutwa mtoto wangu alikuwa na homa. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri, na kila siku Dorika alikuwa anauliza kama Bruxelles kawaida wanajibu asubuhi au mchana.

Ningemkataa? Angebaki hana kwa wale wala kwa hawa. Basi nikafanya lile ambalo mpaka leo sijui nililifanyaje bila aibu: nikamkubali. Nikaandika barua ya Vandermbusa ya kumkubali Dorika, na rafiki yangu, ile barua ilikuwa nzuri! Nilisema juu ya ng'ombe wake mambo yote ambayo sikuwahi kuthubutu kumwambia usoni. Nilisema kwamba msomaji wetu mmoja alifunga maandishi akatoka kusimama uani. Nililia nikiandika, na kila neno lilikuwa kweli isipokuwa ile sahihi ya chini.

Dorika alipoisoma alicheza kati ya madawati. Wanafunzi wake wakacheza. Wangu wakapitia dirishani wakaenda kucheza nao, na mkurugenzi wa shule alipotoka na fimbo, naye akaambiwa habari akaishia kupiga makofi.

Mbusa alichapa kitabu cha Dorika. Safari hii nilikaa naye nikahesabu kurasa moja moja. Mbusa hakuwa anacheka tena.

"Madame, hii ya kwako ilikuwa mchezo," akaniambia. "Lakini huyu mama anaamini kabisa."

"Tumalize tu," nikamjibu. "Ubatizo ukipita, maison itafunga milango."

Nilifikiri nimeshavuka. Inspekta, ambaye sasa alikuwa parrain wa kila kitu Bunia, ndiye aliyeniharibia. Alisema ubatizo wa pili wa Vandermbusa hauwezi kufanyika bila mchapishaji mwenyewe kusema neno. Nikasema viza ni ngumu. Akasema basi atasema kwa simu, tutaiweka kwenye kipaza sauti. Dorika akapiga makofi. Nikatazama chini, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba nitawauliza.

Siku ikafika, Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu walikaa kwenye madirisha. Mama yake Dorika alitoka Aveba, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa kipya kichwani, akakaa mstari wa mbele na kibuyu cha maziwa mapajani. Alikataa divai kabisa. Alisema kitabu cha ng'ombe kitabatizwa kwa maziwa, au atarudi nacho nyumbani. Watu walishangilia kwa nguvu, na inspekta akakubali.

Simu ya Dorika ikawekwa mbele ya kipaza sauti. Ikalia. Ikapokewa.

"Chers amis du Congo!"

Ukumbi ukapiga vigelegele. Bruxelles ilikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye kibaraza, kando ya akina mama wa sambusa, imebana pua kwa vidole viwili. Mbusa alizungumza vizuri, sikatai. Alisema huko kwao kuna baridi. Alisema wasomaji wa Bulaya wana kiu ya ng'ombe wa Aveba. Nilianza hata kumwamini mimi mwenyewe!

Kisha akasema wakati umefika, mtoto apewe jina. Inspekta akachovya vidole ndani ya maziwa, akanyunyiza, akatamka jina la kitabu. Na kwaya, ambayo hakuna aliyeiambia ingoje, ikapasua na ngoma.

Ngoma ikapiga ukumbini. Na kutoka Bruxelles, kwenye kipaza sauti, ngoma ikapiga. Sisi tukaimba mstari, Bruxelles ikaimba mstari uleule, na sauti ya pili inayokosea mahali palepale!

Mama mmoja mzee alisimama, mikono juu. "Ata Bulaya beko naimba wimbo yetu! Mungu asifiwe!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheza, leso zikapeperushwa, inspekta akafungua tai. Nakwambia, hakujawahi kuwa na ubatizo wa furaha kama ule Ituri nzima. Mimi peke yangu nilikuwa nimekauka, na Mbusa huko nje, kwa hofu, alikuwa anapaza sauti kushindana na ngoma badala ya kuzima simu.

Dorika alikuwa amesimama mezani, karibu na dirisha la nyuma. Nilimwona anageuka kwa tabasamu lake, anatazama nje. Alitazama kwa muda. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki tu usoni kama limesahauliwa. Kisha akageuka, akanitafuta kati ya waimbaji, akanipata.

Nilijua kwamba sasa atachukua kipaza sauti. Na akakichukua.

Akamtazama mama yake mstari wa mbele, aliyekuwa amekumbatia nakala ya kwanza huku maziwa yanamdondokea kwenye kikwembe. Halafu akazima simu kwa kidole kimoja.

"Réseau imekatika," akasema. "Siye tuendelee."

Na tukaendelea. Akatia sahihi vitabu, akapiga picha na kila mtu, akamlisha mama yake sambusa. Hakuna aliyejua. Mpaka leo hakuna anayejua, isipokuwa sisi watatu na sasa wewe.

Wakati wa kuondoka mama yake alinishika mikono miwili. "Aksanti mwanangu," akaniambia. "Weye njo ulimufungulia mulango." Nilimwitikia. Sikujua kama ardhi inaweza kukataa kupasuka mtu anapoihitaji hivyo.

Tulibaki mimi na Dorika nyuma ya ukumbi, tunaosha glasi. Aliosha nyingi kabla ya kusema.

"Tangu lini, yaya?"

"Tangu kitabu yangu."

"Kwa hiyo ile wiki sita..."

"Ni Mbusa."

Akacheka. Kweli alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na mimi nikakidakia kwa matumaini nikaanza kucheka naye. Akaacha mara moja.

"Ungeniambia, ningecheka siku tatu," akasema. "Ningekuja kusaidia Mbusa kubana pua. Lakini ile barua, yaya. Ile barua ya kuwakatalia wale wengine. Ulikuwa unajua, na uliniwekea accents."

Nilisema nilikuwa na haya.

"Haya ya nini? Ya Mbusa? Mbusa iko mutu mubaya? Ungesema tu: ni miye nilichapa kitabu yangu. Batu bangekuheshimu."

Alikausha mikono akaenda kumpeleka mama yake alale.

Wiki iliyofuata aliwaandikia wale wa kweli, mwenyewe, bila kunionyesha. Aliwaeleza kila kitu isipokuwa jina langu. Walimjibu kwa upole kwamba hawachapi kitabu kilichokwisha kutoka na kubatizwa mbele ya watu, wala nafasi ya mwaka ule haipo tena. Wakasema akiwa na kingine, wangependa kukisoma. Kwa hiyo kile cha ng'ombe, kile kilichonipeleka kusimama uani, kiko kwenye nyumba chache za Bunia na Aveba, gundi ya Mbusa inaachia, na hakitakwenda mbali zaidi. Ni mimi niliyekifungia hapo.

Vandermbusa imefungwa. Pasta bado anaandika kuuliza kama kamati imebadilisha mawazo. Inspekta anawaambia watu kwamba maison za zamani zinakufa, ndiyo dunia ilivyo.

Sasa wewe unayeandika, nisikie! Ngoja wachapishaji kama una moyo wa kungoja, na wakikuambia ondoa sura ya tatu, isome kwanza kabla ya kununa, maana yangu nimeisoma tena na walikuwa na haki. Au jichapishie, hata kesho, kwa Mbusa wa mtaa wako, na uandike jina lako chini kwa herufi kubwa. Zote mbili ni njia za watu wenye heshima. Usiombe parrain kabla ya kitabu. Na mtu akikuuliza njia uliyopita ili aifuate, mwambie ileile uliyopita, hata kama ilikuwa ya matope, kwa sababu yeye ataikanyaga kweli.

Dorika bado ananiita yaya. Ukuta wa mbao bado uko, nyimbo zake bado zinavuka. Saa ya mapumziko anaandika riwaya mpya, daftari la tatu sasa, na wiki iliyopita nilipata ujasiri nikamwomba anipe hata sura ya kwanza niisome.

Alilifunga daftari taratibu, akanitazama bila hasira yoyote.

"Utaisoma wakati itatoka, yaya," akaniambia. "Sawa na batu bote."